Diwali ya kitabu chekundu: niliyoyaona kwa miaka tisa ya ukarani

Karani Mstaafu:

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikiingia Oktoba au Novemba, fataki zikianza kulia mjini, humu hufunguliwa nyuzi mbili tatu za "Wahindi leo wana nini?" Wa kwanza anajibu ni sikukuu ya taa, wa pili anasema wanaabudu ng'ombe, wa tatu anatukana, wa nne anauliza msosi wa bure unatolewa wapi. Uzi unakufa hapo. Mwaka huu nimeona niandike nilichokishuhudia, maana nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi katikati ya Dar kuanzia 1997 hadi 2006, na bosi wangu alikuwa Mgujarati wa dini ya Kihindu. Jina lake siliweki. Sisi tulimwita Bhai, yaani kaka, kama walivyomwita wenzake.

Kabla sijaanza, tunyooshe neno moja linalotuchanganya. Mhindi na Mhindu ni vitu viwili. Mhindi ni asili, Mhindu ni dini. Yule Bohora wa spea ni Mwislamu, Ismailia ni Mwislamu, Mgoa aliyekufundisha hesabu sekondari ni Mkatoliki, Singasinga ana dini yake. Ukimwendea Bohora na heri ya Diwali atakushukuru kwa adabu zake, lakini sikukuu si yake.

Sasa Diwali. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, dipa na avali: taa, na safu. Safu ya taa. Inaangukia usiku ambao mwezi haupo kabisa angani, giza totoro, ndiyo maana taa zina kazi. Hadithi inayojulikana zaidi ni ya Rama kurudi kwao Ayodhya baada ya miaka 14 ya kufukuzwa na baada ya kumuua jitu Ravana, watu wakamwashia taa njia nzima. Hiyo mtaikuta kila mahali, siirefushi.

Bhai hakunisimulia Rama hata siku moja. Alinisimulia Lakshmi. Kwamba miungu na majitu walishirikiana kuipekecha bahari ya maziwa, mlima ndio mpekecho, joka ndilo kamba, huku wanavuta na kule wanavuta, na katika povu lile akatoka Lakshmi, mwenye neema na mali. Usiku wa Diwali anapita nyumba kwa nyumba. Haingii penye giza, haingii penye uchafu. Na kwa mfanyabiashara, alisema Bhai, uchafu mbaya kuliko wote ni hesabu ambayo haijafungwa.

Hapo ndipo ilipo Diwali niliyoijua mimi. Kwa Wagujarati siku ile mwaka wa biashara unakwisha, na kuna ibada maalumu ya vitabu vya hesabu. Wanaiita chopda pujan. Chopda ni leja.

Mwaka wangu wa kwanza, wiki mbili kabla ya siku, Bhai aliniambia nifunge leja zote na madeni yote niyaandike karatasi moja. Nikakesha. Duka lilikuwa linatoa saruji na nondo kwa mali kauli kwa mafundi wanaofahamika, kwa hiyo orodha ilikuwa ndefu. Kisha akanituma niwafuate mmoja mmoja. Kumbukeni ni 1997, mvua za El Nino zimeanza, ujenzi umesimama, fundi gani ana hela? Kuna mmoja wa Buguruni alikuwa anadaiwa 46,000. Akanionyesha mifuko yake ya suruali, tupu. Nikarudi nimenuna, nikijua nitasemwa. Bhai akauliza, "Anakubali ni arobaini na sita?" Nikasema anakubali. "Basi aje asaini."

Akaja, akasaini, akanywa chai, akaondoka na deni lake. Ile 46,000 ikahamia kitabu kipya. Sikuelewa. Mimi nilidhani shida ni kulipwa. Kumbe alichotaka yeye ni pande mbili zikubaliane tarakimu moja kabla mwaka haujafungwa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, 30 Oktoba. Duka limedekiwa mpaka nyuma ya rafu, mahali ambapo tangu niajiriwe sikuwahi kuona sakafu. Pakatandikwa godoro jembamba na shuka jeupe. Juu yake vitabu vitatu virefu vya jalada la kitambaa chekundu, vimeshonwa kwa uzi mweupe. Akaja kuhani wao, wanamwita maharaj. Bhai akafungua ukurasa wa kwanza, akachovya kidole kwenye unga mwekundu uliolowanishwa, ule wa kumkum, akachora alama ya sathiyo. Halafu akachukua kalamu akaandika Shri, neno lao la baraka, mara moja. Chini yake mara mbili. Chini yake mara tatu. Akaendelea hivyo mpaka maneno yakawa na umbo la paa la msonge. Taratibu, ulimi umetoka pembeni kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtu aliyekuwa anapiga hesabu za mabati huku anaongea na simu mbili!

Juu ya ukurasa akaweka jani la tambuu, popoo, sarafu, punje za mchele, ua. Kalamu zikapakwa nukta nyekundu. Kikokotoo changu nacho kikapakwa. Akafunga kitabu, tukapewa vitamu vyao, pendha na ladu, duka likafungwa.

Na bahasha. Kila mfanyakazi alipata bahasha. Yangu ilikuwa na noti ya elfu kumi, na sarafu ya shilingi moja imebandikwa kwa gundi ya karatasi. Shilingi 10,001. Wakati huo shilingi moja ilikuwa hainunui hata kiberiti. Bhai alikuwa na chupa ya kahawa imejaa sarafu hizo, kazi yake ni bahasha tu. Hesabu inayoishia na sifuri kwao imefika mwisho, ukiongeza moja umeanza nyingine.

Kosa nililolifanya baada ya hapo nitalisimulia mkitaka. Karibuni.

Chuma Ulete:

Mkuu umeandika vizuri ila tuambizane ukweli. Sarafu, tambuu, unga mwekundu, kitabu kinafungwa hakiguswi. Hiyo si ndiyo chuma ulete yenyewe? Sisi tukifanya Kariakoo tunaitwa washirikina, wakifanya wao ni "utamaduni".

Karani Mstaafu:

Nilijua litakuja hilo, tena kwa jina lako hilo ni haki yako. Tofauti niliyoiona mimi: chuma ulete, kama inavyosemwa, ni kuvuta hela ya droo ya jirani bila yeye kujua. Hii inafanywa mlango wazi, wafanyakazi Waislamu na Wakristo wamekaa pembeni wanakula ladu. Kama ina nguvu au haina, mimi ni Mlutheri, siwezi kukuapia.

Jalebi Baridi:

Habari zenu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa Mwanza, babu yangu alizaliwa Mwanza. Nimesoma uzi nikacheka peke yangu hapo kwenye ulimi pembeni, baba yangu ni vilevile.

Niongeze kidogo. Sisi Diwali si siku moja, ni tano au sita. Inaanza Dhanteras, siku ya kununua kitu cha madini. Mwenye nacho anaenda kwa sonara, asiye nacho ananunua hata kijiko cha chuma. Ya pili ni Kali Chaudas, ndiyo ninayotaka kuisimulia. Ya tatu Diwali yenyewe na leja. Kisha mwaka mpya wetu, Bestu Varas, tunaamka alfajiri, nguo mpya, tunawagusa wakubwa miguu, tunazunguka nyumba za ndugu mpaka tumbo linakataa. Hekaluni siku hiyo wanapanga Annakut, yaani mlima wa chakula, vyakula mamia mbele ya sanamu, vyote bila nyama, kukumbuka Krishna alivyouinua mlima Govardhan kwa kidole watu wajikinge na mvua. Halafu Bhai Bij, dada anamlisha kaka. Na siku ya tano ya mwaka mpya ni Labh Pancham, siku ya faida, maduka yanafunguliwa na leja mpya inaandikwa kwa mara ya kwanza.

Sasa Kali Chaudas. Siku hiyo wanawake wa Kigujarati wanakaanga vada za dengu. Jioni unachukua chache pamoja na maji, unaenda njia panda, unaziweka chini, unamwaga maji kuzizunguka, unarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Maana yake unatoa ugomvi ndani ya nyumba. Kelele zote za mwaka mzima, mke na mume, mama mkwe na mkwe, unaziacha pale.

Fikirieni bibi yangu, mwanamke mnene mwenye sari nyeupe, Mwanza, magharibi, anaweka vitu njia panda halafu anaondoka haraka bila kugeuka. Nilikuwa na miaka minane, nimeshika kibuyu cha maji. Mama ntilie aliyekuwa na genge pale pembeni alihama! Kesho yake akamfuata mama, anatetemeka, anauliza nimekosa nini. Mama akamweleza. Akafikiri, akasema, "Ninyi mmeuacha ugomvi wenu mbele ya genge langu?" Tangu mwaka ule bibi alitumia njia panda nyingine.

Chuma Ulete:

Hahahaha mama ntilie ana hoja. Nimekubali yaishe.

Mtoto wa Ganjoni:

Mimi wa Mombasa. Jirani zetu Wahindu tangu utotoni mwaka mpya wao hutupa sahani ya chevda, gathia na ile kama sambusa tamu ya nusu mwezi, nao husema "Sal Mubarak". Sasa mimi siku zote najiuliza, mubarak ni neno letu la Idi. Wamelitoa wapi?

Jalebi Baridi:

Ghughra hiyo, nusu mwezi. Nazi, sukari na iliki ndani.

Sal ni Kiajemi, mwaka. Mubarak ni Kiarabu. Gujarat ni pwani, imefanya biashara na Waajemi na Waarabu karne nyingi, maneno yakahamia jikoni na dukani. Bibi yangu hakujua kabisa kama ni Kiarabu. Ungemwambia angekukatalia, angesema hicho ni Kigujarati safi. Ni kama ninyi na "duka", mnaliona lenu kumbe nalo limehamia.

Mzee wa Forodha:

Hapo kwenye pwani naomba niingie. Watu wanasahau kwamba Diwali na upepo wa kaskazi ni majirani. Majahazi ya Kutch na Kathiawar, huko Gujarat, hayakuwa yakivuka bahari wakati wa dhoruba za kusi kali, Juni hadi Agosti. Bahari ikitulia, leja zikifungwa Diwali, leja mpya zikifunguliwa, kaskazi ndiyo hiyo inakaribia kuwaleta Zanzibar na Mombasa. Mwaka wa hesabu na mwaka wa safari vilikuwa vinaanza karibu pamoja.

Na si wauza nguo tu. Forodha ya Zanzibar tangu enzi za Seyyid Said ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, Mhindu kabisa. Ushuru wa pembe, karafuu, wote ulipitia vitabu vyao. Sultani mwenyewe alikuwa mdaiwa wao. Kwa hiyo hivyo vitabu vyekundu alivyoviona Karani vina ukoo mrefu hapa kwetu.

Karani Mstaafu:

Asante mzee. Bhai alikuwa akisema Wakutch wao wana mwaka mpya wao mwingine, Ashadhi Bij, mwezi wa sita au wa saba, mvua zikianza kwao. Aliwacheka kwamba wanasherehekea mara mbili ila hesabu wanafunga mara moja.

Mwalimu wa Zamu:

Tukiwa kwenye lugha: "bepari" limetoka Kigujarati, vepari, maana yake mfanyabiashara tu, hata muuza nyanya. Sisi tukalichukua, likafika miaka ya Azimio la Arusha likawa tusi. "Ubepari ni unyama", tuliimba shuleni. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zikataifishwa, na wenye nyumba wengi walikuwa Wahindi. Waliokuwa na leja za kodi za nyumba, mwaka ule walifunga nini? Nilikuwa na rafiki darasani, Mhindu, familia yake ilikuwa na jengo la ghorofa mbili na wao walikaa juu. Walibaki wanakaa palepale juu, sasa wapangaji. Mwaka uliofuata hakuwepo shuleni.

Maneno mengine ya vitabu hivyo tunayo: hundi, laki, bima. Na fataki nayo imetoka hukohuko, kabla radio haijaifanya kuwa mzee anayewarubuni wanafunzi.

Mbwa Wangu:

Fataki ndiyo niliyokuja kuisema. Sina tatizo na dini ya mtu. Lakini mimi nakaa Upanga, nina mbwa wawili na mama mgonjwa wa presha. Usiku wa Diwali ni vita. Lakshmi anakuja kwenye mwanga au kwenye mabomu?

Jalebi Baridi:

Hapo sikubishii. Delhi kwenyewe wamepelekana mpaka Mahakama ya Juu kwa ajili ya moshi wa fataki, maana mwezi huo hewa yao tayari ni mbaya kwa sababu wakulima wanachoma mabua mashambani. Sisi nyumbani tuliacha, tunawasha zile nyota za mkononi tu kwa watoto. Ila vijana hawasikii, na kusema kweli si Wahindu peke yao wanaolipua.

Mkristo Mtafiti:

Naomba mtu anieleze hiyo alama ya sathiyo. Nimeitafuta nimekuta ni ile ya Hitler! Inawekwaje kwenye kitabu cha ibada?

Jalebi Baridi:

Swali zuri na nimeshaulizwa na polisi wa trafiki, kwa sababu tunaichora kwenye gari jipya pia. Sathiyo ni swastika kwa Kigujarati. Kisanskriti maana yake ni ustawi, hali njema. Iko India maelfu ya miaka kabla ya Hitler kuzaliwa, Wajaini (dini nyingine ya India) na Wabudha wanayo pia. Ya Wanazi waliiegemeza upande, nyeusi ndani ya duara jeupe. Yetu kwa kawaida imekaa wima, nyekundu, na mara nyingi ina nukta nne ndani ya mikono. Mwizi akiiba sufuria yako akapikia sumu, sufuria bado ni ya kwenu. Ila siivai ninapoenda Ulaya, sitaki maelezo marefu uwanja wa ndege.

Kijiti cha Pune:

Niko Pune, India, nasoma, mwaka wa tatu. Niseme tu kwamba hiyo Diwali ya leja ni ya Gujarat zaidi na wafanyabiashara wa huku magharibi. Ukienda kusini watakuambia ni siku Krishna alipomuua jitu Narakasura, wanaoga kwa mafuta kabla jua halijachomoza. Bengal usiku huohuo wanamwabudu mungu wa kike Kali. Nepal kuna siku ya kunguru, siku ya mbwa, nimeona picha mbwa amevishwa koja la maua na nukta kwenye paji la uso (Mbwa Wangu, hamia Nepal). Wajaini wanakumbuka Mahavira, mwalimu wao mkuu, alipofikia ukombozi. Masingasinga wanakumbuka kiongozi wao Guru Hargobind alipotoka kifungoni Gwalior akiwa na wafalme 52. Ayodhya kwa Rama, mwaka 2024 waliwasha taa za udongo zaidi ya milioni mbili na nusu kando ya mto Sarayu.

Na hesabu bado zipo. Soko la hisa la Bombay usiku wa Diwali limekuwa likifunguliwa kwa saa moja hivi tangu 1957, watu wananunua hisa chache kwa baraka tu. Mwaka 2025 saa hiyo waliipeleka mchana, wazee wakalalamika. Mwenye nyumba wangu hapa ana duka la dawa, hana leja tena, aliweka kompyuta mpakato kwenye godoro jeupe akaipaka kumkum kwenye kifuniko.

Msela Mavi:

Mbona tarehe zinarukaruka? Mwaka mmoja Oktoba, mwingine Novemba. Idi inarudi nyuma tu, inaeleweka.

Kijiti cha Pune:

Idi inafuata mwezi peke yake, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Wahindu wanafuata mwezi lakini wanauvuta urudi kwenye jua: wakiona miezi imechepuka sana, baada ya miaka kama miwili na miezi minane wanachomeka mwezi mzima wa ziada. Ndiyo maana 2024 Diwali ilikuwa 31 Oktoba, 2025 ikarudi 20 Oktoba, halafu 2026 inaruka mbele mpaka Jumapili 8 Novemba, kwa kuwa kuna mwezi wa ziada kuanzia katikati ya Mei. Haitoki nje ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba.

Jalebi Baridi:

Na mwaka wenyewe tunahesabu kwa kalenda yetu, Vikram Samvat. Ongeza 57 kwenye mwaka wa kawaida baada ya Diwali. Leja ya Karani ya 1997 juu iliandikwa 2054, sivyo? Kuna miaka mwezi unakaa vibaya inabaki siku moja katikati, si ya mwaka wa zamani si ya mwaka mpya. Tunaiita dhoko. Hufanyi kitu. Mwaka 2025 ilikuwepo, 21 Oktoba.

Karani Mstaafu:

Ndiyo! 2054. Nilidhani amekosea, nikataka kumsahihisha.

Kibarua:

Mnapamba sana. Mimi nimefanya kazi kwa Mhindi miaka sita, mshahara haupandi, Diwali napewa boksi la pipi. Elfu kumi na shilingi moja? Bosi wako malaika.

Karani Mstaafu:

Hakuwa malaika. Mshahara wangu ulikuwa mdogo na nilidai nyongeza mara tatu ndani ya miaka tisa, nikapata mara moja. Likizo alinihesabia mpaka nusu siku. Wazee wetu walishasema Baniani mbaya kiatu chake dawa, na mimi nimekaa na kiatu chenyewe miaka tisa, najua kilivyobana. Ninachosema ni kwamba alichonidai alikiandika na alichonipa alikiandika, na kitabu nilikuwa nakiona. Nimefanya kazi baadaye kwa mtu wa dini yangu, tunasali kanisa moja, kitabu sikuwahi kukiona.

Mtoto wa Ganjoni:

Kaka hujatwambia lile kosa.

Karani Mstaafu:

Ahaa. Basi ile 1997, duka limefungwa mpaka Labh Pancham, mimi nina ufunguo wa mlango wa nyuma kwa ajili ya mlinzi. Siku ya pili ya sikukuu anakuja fundi mmoja mbio, paa la mtu limeezuliwa na mvua, anataka misumari. Nikamwuzia kilo mbili za nchi nne. Na kwa kuwa mimi ni karani mwaminifu, nikafungua kitabu kipya, nikapindua ukurasa wa Shri, nikaandika. Kwa kalamu ya bluu. Kwa Kiswahili.

Labh Pancham Bhai anafungua kitabu mbele ya maharaj, aandike mstari wa kwanza wa mwaka 2054, anakuta "Misumari nchi 4, kg 2, taslimu". Kimya. Maharaj ananitazama. Mimi natazama sakafu iliyodekiwa. Kitabu hakichanwi ukurasa, hilo nililijua tayari. Bhai akauliza, "Alilipa?" Nikasema alilipa, hela iko kwenye droo. Akachovya kidole kwenye kumkum, akaweka nukta nyekundu kando ya misumari yangu, akaandika wa kwake chini yake.

Mwaka ule mabati na misumari viliuzika ajabu, nchi nzima paa zilikuwa zimeng'oka. Nisiseme zaidi, Chuma Ulete atarudi.

Chuma Ulete:

Nipo nasoma 😂

Mwalimu wa Zamu:

Na duka liliishia wapi? Hiyo leja ya 2054 ingekuwa makumbusho.

Karani Mstaafu:

Lilifungwa 2006. Watoto wote wako Leicester, wakamwita. Wanasema huko Diwali wanafunga barabara nzima kwa taa, na wengi ni hawahawa wa kwetu, wa Uganda waliofukuzwa 1972, wa Kenya, wa hapa. Wiki ya mwisho tulikuwa tunafungasha, nikamwomba ile ya 2054 niwe nayo kama kumbukumbu. Akakataa palepale, akasema kitabu chenye Shri hakitolewi zawadi. Akavipakia vyote kwenye sanduku la bati, akalifunga kwa kufuli mbili.

Halafu akaenda nyuma, akarudi na ile chupa ya kahawa. Ninayo hapa kabatini. Sarafu za shilingi moja, nimezihesabu, ziko mia mbili na kumi na tatu. Wajukuu wanachezea bao.